Joto la Nani? Caliente, Guapo na Bueno katika Kihispania

Tengo calor na estoy caliente ni sentensi mbili ambazo mwanafunzi wa Kihispania hutahadharishwa nazo mapema. Ya kwanza maana yake ni kwamba msemaji anasikia joto. Ya pili, mtu mzima akiitamka kuhusu nafsi yake, kwa kawaida humaanisha kwamba amepandwa na ashiki. Walimu wengi huishia hapo: hili usiseme, sema lile. Onyo ni sahihi, lakini halielezi kitu, na mwanafunzi aliyeonywa bila kuelezwa hujikwaa tena kwenye neno linalofuata. Atataka kumsifu jirani kwa wema wake, aseme está bueno, kumbe amesema kwamba mwili wa jirani huyo unatamanisha. Makosa hayo mawili yana mzizi mmoja. Hoja yangu ni kwamba katika Kihispania maana ya maneno ya joto na ya mvuto haikai ndani ya kivumishi peke yake. Inategemea kitenzi kilichotangulia, na inategemea nani au nini kinabeba sifa hiyo. Nadai pia kwamba msemaji wa Kiswahili anao mpangilio unaofanana sana na huo katika lugha yake, na kinachomponza ni kupitia Kiingereza kabla ya kufika Kihispania.

Tuanze na joto lenyewe, maana ndilo lililo wazi zaidi. Kilatini kilikuwa na kitenzi calere, kuwa na joto, na kutoka kwenye ukoo wake Kihispania kimerithi maneno kadhaa ambayo kila moja limepewa makazi yake. Calor ni joto kama nomino. Hewa ikiwa na joto, Mhispania husema hace calor, sentensi isiyo na mtenda, kama vile sisi tunavyosema kuna joto. Siku yenye joto ni día caluroso. Tabia ya nchi yenye joto ni clima cálido, na neno hilo hilo cálido hutumika kwa rangi za jamii ya nyekundu na manjano, kwa sauti nzito ya upole, na kwa mtu mchangamfu anayekukaribisha ukajisikia uko kwenu. Caliente ni la vitu: maji, mkate uliotoka kwenye tanuri, injini ya gari, bati la paa saa saba mchana. Pilipili haina caliente hata kidogo. Pilipili ni picante, na anayeagiza mchuzi mjini Mexico akiuliza kama ni caliente ataambiwa kwamba ndiyo, umetoka jikoni sasa hivi, kisha machozi yamtoke kwa kitu ambacho hakukiuliza. Kiswahili nacho kimegawanya hivyo hivyo: joto la hewa, maji ya moto, jua kali, pilipili kali, mtu mchangamfu. Tarehe 14 Agosti 2021, katika mji wa La Rambla mkoani Córdoba, kusini mwa Hispania, zilipimwa nyuzi 47.6 za sentigredi. Wakazi wa Andalusia, ambao wengi wao husema la calor kwa jinsia ya kike ingawa kanuni ya shule inataka el calor, siku kama hiyo husema hace mucha calor, tena husema tengo calor. Hakuna kati yao atakayejieleza kwa caliente hata kama shati limemganda mgongoni.

Kwa nini basi kivumishi kinachofaa kwa maji kimkatae mtu? Jibu limo katika kitenzi tener, kuwa na. Kwa Kihispania, hali nyingi za mwili ni kitu ambacho mtu anacho: tengo hambre, tengo sed, tengo sueño, tengo miedo. Tazama tunavyosema sisi: nina njaa, nina kiu, nina usingizi, nina hofu. Ulinganifu ni neno kwa neno. Njaa haimfanyi mtu awe mwenye sifa fulani. Imemjia, anayo, itaondoka. Joto la mchana nalo ni hivyo hivyo. Limetoka nje ya mtu likamfikia, na sarufi inakiri kwamba asili yake iko nje. Ndiyo maana Mhispania husema tengo calor, na Mswahili husema nasikia joto au naona joto. Anayetokea kwenye Kiingereza, lugha inayoligeuza joto kuwa sifa ya mtu mwenyewe, hulazimika kubomoa tabia hiyo ya lugha kabla ya kujenga nyingine. Mswahili hana cha kubomoa.

Caliente ikimwangukia mtu, maana yake hubadilika kulingana na nani anayelipima joto hilo. Mama akimgusa mtoto paji la uso na kusema el niño está caliente, hakuna anayeshtuka. Amesema mtoto ana homa, kama mama wa Tanga au Kisumu anavyosema mwili wa mtoto unachemka. Hapo mwili umechukuliwa kama kitu kinachoguswa, na mkono wa mwingine ndio uliotoa ushahidi. Mtu mzima anayesema estoy caliente hana mkono wa nje uliompima. Anatoa habari ya moto uliowaka ndani yake mwenyewe, na moto wa ndani ambao lugha hiyo inautambua kwanza ni ule wa matamanio. Kamusi ya Real Academia Española, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1713, inaiorodhesha maana hiyo pamoja na ile ya maji na mkate bila kuona haya. Calentura nayo inatembea njia zote mbili: kwa Wamexico wengi ni homa, Hispania mara nyingi ni kidonda cha homa kinachotoka mdomoni, na kwingineko huweza kuwa ashiki. Argentina na Uruguay zimeongeza hasira: está caliente huko huweza kumaanisha kwamba mtu amekasirika vibaya, na me calenté kwamba nilipandwa na hasira. Homa, ashiki, hasira: ukiyatazama pamoja, ni moto ambao chanzo chake kimo mwilini. Jua la La Rambla halimo katika orodha hiyo.

Neno bochorno linastahili kutazamwa peke yake. Limetokana na jina la Kilatini la upepo wa kusini-mashariki, vulturnus, na leo lina maana mbili zinazoishi pamoja: ule mvuke wa joto lisilo na upepo, ambao mtu wa pwani angeuita fukuto, na fedheha inayompandisha mtu damu usoni. Tarde bochornosa ni alasiri ya fukuto. Espectáculo bochornoso ni kituko cha aibu. Mexico na Chile, mwanamke aliyefika umri wa kukoma hedhi husema anapata bochornos, vipindi vya joto la ghafla, ambavyo Hispania huitwa sofocos. Hapa pia joto la nje na joto la mwilini yametumia neno moja, lakini msikilizaji hachanganyikiwi, kwa sababu sentensi humwambia joto hilo ni la alasiri, la tukio au la mwili wa nani.

Sasa tuje kwenye uzuri, ambako ufunguo ni vitenzi viwili, ser na estar. Vitabu vya Kiingereza huwaeleza wanafunzi kwamba kimoja ni cha mambo ya kudumu na kingine ni cha mambo ya kupita, halafu hutumia kurasa nyingi kutaja mambo yanayoikiuka kanuni hiyo. Mfu, kwa mfano, está muerto, na hakuna hali inayodumu kuliko hiyo. Kwa msomaji wa Kiswahili ipo njia fupi zaidi. Estar imetokana na Kilatini stare, kusimama, na kazi yake ya mwanzo kabisa ni kusema kitu kiko wapi: está en casa, yuko nyumbani. Kutoka mahali ikahamia kwenye hali: está despierto, yuko macho, está listo, yuko tayari. Ukitumia ser, es listo, umesema ni mwerevu. Sisi pia hatusemi ni macho wala ni tayari tukimaanisha mtu huyo, tunasema yuko. Tofauti ya ni na yuko haifanani na ya ser na estar kila mahali, lakini imetoka kwenye wazo lile lile, kwamba hali ni mahali ambapo mtu amesimama, na kwamba sifa ni jambo jingine.

Ukishaliona hilo, es guapa na está guapa hazina fumbo. Ya kwanza ni kauli kuhusu sura ya mtu: ni mrembo. Ya pili ni kauli kuhusu alivyo sasa, machoni pa anayesema: amependeza. Mwanamke akitoka saluni au akivaa gauni la harusi, estás guapa ndiyo sifa inayotarajiwa, na atakayesema eres guapa siku hiyo hatakuwa amemtukana, ila hatakuwa ameiona kazi aliyoifanya. Kiswahili hakiwezi kukosea hapa. Umependeza ni kitenzi, kina wakati wake, kinataja jambo lililotokea na ambalo msemaji amelishuhudia. Mrembo ni jina ambalo mtu analo hata akiwa amelala. Mswahili anayejua lini aseme umependeza na lini aseme wewe ni mrembo ameshajifunza nusu ya somo la ser na estar bila kufungua kitabu cha Kihispania.

Nusu ya pili ina hatari zaidi, nayo ni bueno. Es bueno ni mtu mwema. Kwa chakula, es bueno humaanisha kwamba kinafaa, kina ubora au kinaujenga mwili; está bueno humaanisha kwamba nimekionja na ni kitamu. Estar imeleta ushahidi wa ulimi. Kitenzi hicho cha kuonja ndicho kilichohamishiwa kwa watu: está buena, ikisemwa kuhusu mwanamke, haimsifu tabia wala sura yake kwa jumla, inausifu mwili wake kama kitu kinachotamaniwa kuliwa. Kipimo cha ukali wake ni kwamba mwana hawezi kuisema kuhusu mama yake. Hapo tunagusa jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo muhimu kuliko yote katika suala hili: mvuto wa kimwili katika Kihispania haujengwi kwa moto, unajengwa kwa chakula. Hispania mtu anayevutia sana está como un queso, yuko kama jibini. Katika nchi nyingi ni bombón, peremende ya chokoleti. Colombia kijana mtanashati ni churro, au bizcocho, ambalo ni jina la keki. Sehemu za Amerika ya Kati mtu huyo ni mango, embe. Rico, ambalo kwa ser ni tajiri, kwa estar huwa ni tamu, na limehama nalo kutoka mezani hadi kitandani. Sisi tunaotumia neno tamu kwa njia hizo zote hatuna cha kushangaa, wala hatuhitaji kuelezwa kwa nini halisemwi mbele ya wakwe.

Kwa hiyo anayetaka kusema kwamba mtu fulani anavutia akachukua caliente, amekosea kwa namna ya pekee. Amegeuza upande. Bueno na guapo huzungumzia yule anayetamaniwa. Caliente huzungumzia yule anayetamani. Kumwita mtu caliente ni kudai kwamba unajua yanayowaka ndani yake, yaani kumsingizia hamu ambayo huenda hana. Hilo si jambo dogo katika nchi ambazo sifa za barabarani, piropos, zimekuwa mzozo wa umma. Peru mwaka 2015 na Chile mwaka 2019 zilitunga sheria dhidi ya unyanyasaji wa kingono mahali pa umma, baada ya wanawake kusema kwa miaka mingi kwamba maneno wanayorushiwa njiani si sifa. Mgeni anayekosea neno hapo hasamehewi kila mara kwa sababu ya ugeni wake.

Upo upinzani wa haki dhidi ya haya yote. Kihispania ni lugha rasmi katika nchi ishirini pamoja na Puerto Rico, kuanzia Hispania hadi Chile na Guinea ya Ikweta, na maneno ya mvuto hubadilika kila ukivuka mpaka. Je, kuna mpango wowote wa kuutetea? Guapo ni shahidi mzuri wa upinzani huo. Mwanaisimu Joan Corominas alilifuatilia hadi Kilatini vappa, divai iliyochacha, neno lililokuja kumwelezea mtu asiye na maana, likapitia lahaja za Kifaransa likiwa na maana ya mhuni, na likaingia Kihispania likimtaja jasiri mpenda ugomvi. Kutoka ujasiri likafika kwenye mavazi na majigambo, na kutoka hapo kwenye uzuri. Maana za zamani hazikufa. Cuba na Puerto Rico guapo bado ni mtu jasiri, au mbabe. Jamhuri ya Dominika, está guapo huweza kuwa amekasirika. Paraguay, mwanamke guapa husifiwa kwa uchapakazi wake. Na sokoni Madrid muuza samaki atamwita mteja wa miaka sabini guapa huku akimpimia dagaa, bila chembe ya mahaba. Lindo nalo, ambalo Corominas alilitoa kwenye Kilatini legitimus, katika karne ya 15 lilitumika kuwataja Wakristo wa damu, wasio na asili ya Kiyahudi wala ya Kiislamu. Leo Amerika yote hulitumia kwa mtoto, nyimbo, au jioni njema. Mono ni mtu au kitu cha kupendeza Hispania, mtu mwenye nywele za dhahabu Colombia, na nyani kwa wote.

Nakubali mabadiliko hayo, lakini naona yanaitia hoja nguvu. Kinachobadilika ni lebo, mgawanyo haubadiliki. Mdominika anayesema está guapo akimaanisha hasira ametumia estar kwa sababu hasira ni hali aliyomo mtu, na Mparagwai anayesema es guapa ametumia ser kwa sababu uchapakazi ni sifa yake. Ukijua kitenzi, umeshajua nusu ya maana hata katika nchi ambayo hujawahi kuifika.

Upinzani mzito zaidi unahusu caliente yenyewe. Mji wa Aguascalientes nchini Mexico, ulioanzishwa mwaka 1575, ulipata jina kutokana na chemchemi zake za maji ya moto, na hilo halina tatizo. Lakini Tierra Caliente ni jina la ukanda mzima wa Mexico, na Wacolombia huzigawa nchi zao za milimani na za mabondeni kuwa tierra fría, templada na caliente. Katika sehemu za Amerika watu husema clima caliente, hata el día está caliente. Basi ule mpaka kati ya caluroso na caliente si ukuta, na kitabu kinachoufundisha kama ukuta kinamdanganya msomaji. Hata hivyo angalia ni wapi umelegea: kwenye ardhi, hali ya hewa na siku. Kwa mtu anayejisemea, haujalegea. Mcolombia wa bondeni ambaye ameishi tierra caliente maisha yake yote bado husema tengo calor.

Kuna pia wanaosema kwamba caliente kwa maana ya kuvutia imeshaenea duniani, kwenye nyimbo za dansi, majina ya vilabu vya usiku na matangazo ya utalii, kwa hiyo kuikataa ni ushamba. Imeenea, ndiyo, ila imeenezwa kwa sehemu kubwa na masoko yasiyozungumza Kihispania, yaliyotafsiri neno la Kiingereza na kuliambatisha kwa watu wa Amerika ya Kilatini kama chapa. Chapa hiyo imewauma wengi. Imewafanya wanawake wa Colombia, Cuba na Brazil, ambayo hata Kihispania si lugha yake, waonekane kama watu wenye hamu isiyoisha, na hilo ndilo caliente inalosema ikirudi nyumbani. Neno lililogeuzwa upande wa nje huendelea kuwa na upande wa ndani, na wenyewe husikia wa ndani.

Haya yasimfanye Mswahili ajiamini kupita kiasi, maana lugha yetu nayo ina mitego. Mzuri kwetu hubeba uzuri wa sura na wa tabia pamoja, na mtu akiutafsiri moja kwa moja atachagua bueno, ambalo kwa kitenzi kibaya humtia matatani. Salama yake ni kuutenga wema na sura tangu mwanzo: es buena persona kwa wema, es guapo au guapa kwa sura. Mkali, ambalo vijana wa mijini humsifia mtu anayevutia au mwenye kipaji, halina pa kwenda. Fuerte ni nguvu, estricto ni ukali wa mwalimu, picante ni pilipili au mzaha wenye utani wa chumbani. Na caluroso, linalofaa kwa siku, Hispania likisemwa juu ya mtu huweza kumaanisha yule asiyestahimili joto, wala si mchangamfu; mchangamfu ni cálido.

Wanaofundisha Kihispania Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar, na wanaofikiria kuandaa kamusi ya Kiswahili na Kihispania, wasiendelee kuazima mpangilio wa vitabu vilivyoandikiwa wasemaji wa Kiingereza. Somo la kwanza la joto lianze na nina njaa, nina kiu, nasikia joto, na kando yake tengo hambre, tengo sed, tengo calor. Somo la kwanza la uzuri lianze na ni mrembo na umependeza. Estoy caliente ielezwe waziwazi pale pale, pamoja na sababu yake, ili mwanafunzi asihitaji kuonywa mara ya pili.